Sufuria Lisilo na Moto

Mwezi wa nne Tukuyu haina mbingu, ina dari,
na dari yenyewe inavuja tangu Pasaka.
Mgomba nje ya dirisha umeinama
kama mtu anayetafuta funguo topeni.
Ndani tuko watano na simu tatu,
na hakuna aliyesema neno tangu uji.

Mimi ndiye niliyeanza, simsingizii mtu.
Niliiuliza akili mnemba, kwa sauti ya chini,
kama anayenunua dawa ya minyoo mbele za watu:
Watoto wangu hawaachi simu. Nifanye nini?

Ikajibu upesi, haina pumzi ya kuvuta.
Pangeni saa. Chaja isilale chumbani.
Jioni tembeeni pamoja, mkatazame machweo.

Machweo!
Nikaandika: Dada, huku ni Tukuyu,
jua tunalisikia kwenye redio.
Ikaomba radhi. Kisha ikauliza,
na swali lenyewe sijalimaliza mpaka leo:
Mvua ikinyesha, nyumba yenu hufanya nini?
Na watu wazima, simu zao huziweka chini saa ngapi?

Maharage yakashika chini nikiwa nimekaa.
Nikahesabu: kikoba, kwaya, kundi la harusi ya Sekela
iliyokwisha Januari na bado tunatumiana keki.
Nikamtazama Ambakisye, kidole kinapanda, kinashuka,
anasuka mkeka wa timu kumi na moja,
ilhali mkeka wa ukindu, ule wa mama yake kutoka Kyela,
umesimama nyuma ya mlango umekunjwa,
kama mgeni asiyeambiwa aketi.

Nikapandisha ukurasa juu, bila kusudi.
Simu ni yangu, lakini mikono ni mingi.
Wiki tatu nyuma, Gwamaka, miaka tisa,
aliandika bila nukta wala mkato:
mtu akiongea na baba na baba akasema mmh
bila kuangalia je amesikia

Nayo ikamjibu: Huenda amesikia nusu.
Mwombe akutazame.

Hakuwahi kuomba.

Nilisoma mara mbili, nikaapa simwonyeshi mtu.
Usiku nikamwonyesha Ambakisye.
Akasema, “Mmh.”
Halafu akasikia alichosema.

Ile akili ikatuchorea jedwali refu, lina rangi.
Tukakata, tukakata, ukabaki mstari mmoja:
saa moja na nusu hadi saa tatu,
simu zote ndani ya sufuria kubwa, na mfuniko.
Ya baba humo. Ya Lugano, kwa machozi, humo.
Na mshauri wetu mwenyewe, humo humo gizani.

Siku ya kwanza sufuria likatetemeka rafuni.
Atupele akauliza, “Mama, kinachemka nini?”
Mkeka ulinuka moshi na panya.
Tulipukuchua mahindi kimya, kimya kibaya,
cha watu kwenye foleni ya benki.
Gwamaka akaanza habari ya mbuzi
aliyekula daftari la mahudhurio.
Baba yake akamkazia macho
mpaka mtoto akakatisha:
“Baba, sasa unanitisha.”

Nisiwadanganye. Jumatano palikuwa na mechi,
mfuniko ukafunguka saa mbili kasoro.
Alhamisi nilikuwa mimi, marejesho ya kikoba,
nikajificha jikoni kama mwizi wa sukari.
Lugano ameacha kulia, ameanza kununa,
nadhani ni hatua.

Leo mvua imelipiga bati hadi tukapitiliza,
saa tatu na robo, hakuna aliyetazama ukutani.
Sufuria limelia mara moja, likanyamaza.
Magunzi yamejaa karai.
Ambakisye ameweka gunzi chini,
amemgeukia mwanawe, uso kwa uso, taratibu,
kama anayejifunza kushika yai.

“Ehe,” amesema. “Mbuzi akafanyaje?”