Kadi Yetu

Mlangoni mwa duka kubwa, Mabela,
kati ya magunia ya basmati na upepo wa kiyoyozi,
Ibtihaji amewekewa meza na kiti kirefu.
"Kadi yetu, khala. Mwaka wa kwanza bure,
na birika hili la kahawa unaondoka nalo leo."

Birika zuri, sitasema uongo.
Rangi ya dhahabu, mdomo kama wa korongo.

Nikamwomba kalamu, nikageuza risiti ya jana.
Riali moja, pointi moja.
Pointi elfu, riali mbili.
Mimi na Shinuna na paka wake tunakula
riali mia na ishirini kwa mwezi:
mwaka mzima wa mchele, papa mkavu, sabuni,
haujafika riali tatu.
Ada, mwaka wa pili: kumi na tano.
Na nikibakiza mia moja, mwezi mmoja tu
(nitabakiza; Ramadhani nitabakiza),
riali na nusu inakatwa kwa upole,
pointi za nusu mwaka, fyu.

"Ipo isiyo na riba, ile wanaita ada,"
akasema, akaangalia kucha zake.
Nami nikaziangalia.

Mama alikopa kwa daftari, Matrah, kwa Ratansi.
Deni lile lilikuwa na uso.
Mwezi wa shida aliupita ule ukurasa
akauliza habari za kikohozi.
"Kukopa harusi," mama husema njiani,
na methali akaiacha hapo hapo,
mfuko wa sukari kichwani.

Lakini si hesabu iliyonishika pale mezani.
Ni hilo "yetu".
Nilishuka Maskati nina miaka tisa, Kiswahili kimejaa kinywa;
darasani wakaicheka ayni yangu,
hakuna aliyesema, huyu wetu.
Leo plastiki inasema,
na jina langu juu yake, herufi zimevimba.

"Umebakiwa na ngapi?" Ikanitoka kwa lugha ya nyumbani.
"Kumi na moja, na mwisho Alhamisi."
Akajibu vile vile, lafudhi ya Wete,
kisha akaziba mdomo, akacheka.
Kumbe.

Sikusaini.
Nilimwachia namba ya dada yangu Rayya,
mwenye watoto saba na mkoba wa kufuli,
halali na deni hata la pipi,
na mabirika anayapenda.

Kwenye malipo, kijana bila kuinua macho:
"Kadi yetu unayo?"
"Sina," nikasema,
nikahesabu baisa, moja moja.