Honi ya Saa Kumi na Moja

Karatasi yangu ina majina kumi na tisa,
mitaa yao, na alama za milango:
Mwalimu Hokororo, Ligula, geti la bluu lisilofungika;
akina Chilumba, Chikongola, ukiiona mashine ya kusaga umepitiliza;
Bi Asumini Nandonde, Magomeni,
"uliza tu."

Kazi yangu ni usindikizaji.
Nahesabu vichwa, nabeba vikapu, najua nani ana sukari
na nani atatapika kwenye kona za Mikindani.
Safari yenyewe fupi: Lindi, usiku mmoja, kesho magharibi tumerudi.
Chai imo ndani ya bei. Samaki yumo.
Na kufuatwa mlangoni, kampuni imeandika kwa wino mwekundu,
kumo.

Saa kumi na moja alfajiri, Magomeni, Kosta inanguruma.
Mchopa dereva anapiga honi mara moja, kwa adabu,
halafu mara ya pili, bila adabu.
Taa inawaka. Taa inazimika.
Sauti ndani: "Navaa!"

Dakika kumi. Mwalimu anaisoma saa yake kama daftari la mtoro.
Nabisha hodi.
"Karibu, ila bado navaa."
Majirani wanatoka, huyu na mswaki mdomoni,
yule na ndoo, watoto na matongotongo yao,
na mama mmoja anauliza nani kafa.
Mtaa ulipotimia,
ndipo komeo likalia.

Katoka na kanga iliyokakamaa, ina mikunjo ya dukani,
viatu vilivyongoja Idi nne,
mkoba kifuani.
Hakuharakisha.
Alifunga mlango, akaufungua, akarudi ndani,
akatoka vilevile alivyoingia.
"Nilidhani nimesahau kitu," akasema,
kwa sauti ya kufika nyumba ya saba.

Tumepita Mpapura, mikorosho inarudi kinyumenyume dirishani,
mimi kwenye kiti cha kukunja, ubavuni pake:

"Mwanangu, mimi nimefuatwa mara mbili tu.
Ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na sita,
nimefunikwa kanga hadi machoni, njia sikuiona.
Ya pili gari la hospitali. Nililala chali,
nikaona dari.
Siku zingine zote nimekwenda stendi kwa miguu
na kiroba cha makopa kichwani,
nakimbia, napunga mkono, konda ananitazama
kama mtu atazamavyo mvua ya kwa jirani.
Basi halijanisubiri hata nusu dakika.
Leo nimevaa tangu saa nane za usiku.
Nilikaa kitandani, viatu miguuni, nasikiliza honi yenu.
Nilitaka basi nalo
lionje."

Lindi wenzake walishuka.
Wapo waliopanda Mtanda kuitazama bahari kwa juu,
wapo waliovuka kwenda Kitunda na kurudi, basi tu kwa kuvuka.
Yeye kiti namba nne, dirisha wazi, anamenya chungwa
ganda moja refu lisilokatika.
"Bi Asumini, shuka, tumefika."
"Nyie fikeni. Mimi nilishafika palepale Magomeni."
(Usiku alishuka. Samaki, akanikumbusha,
yumo ndani ya bei.)

Kurudi, utaratibu ni aliye karibu aanze.
Akaomba awe wa mwisho.
Tukazunguka naye mji mzima gizani:
geti la bluu, nikalisukuma likarudi;
mashine ya kusaga, tukapitiliza, tukageuza;
kila mlango ukifunguka anainama kuchungulia
nani kaja kumpokea nani.

Kwake kulikuwa giza.
Nikashusha kikapu. Yeye hakunyanyuka.
"Piga honi," akamwambia Mchopa.
"Kuna mtu ndani?"
"Hamna."

Mchopa akanitazama mimi, akautazama mlango,
akapiga. Mara moja,
kwa adabu.

Nyumba ya pili, taa ikawaka.