Tena, kwa Furaha Zaidi

Nililipwa dola sitini na nne na sendwichi ya bata mzinga
nishangilie kifo.

Ni kiwanda kile kile cha chuma, kando ya mto Mahoning,
alikotoka babu siku ya mwisho na kopo lake la chakula.
Walikuwa wamekipaka masizi mapya
juu ya masizi yake.

Kitabu nilikisoma nina miaka kumi na mitatu, tochi ikififia:
watoto tisa ndani ya jumba la kioo,
na nchi nzima, mdomo umejaa chajio,
ikipiga kura nani anyimwe maji.
Oriel alipolamba ukungu kiooni
niliandika pembeni kwa penseli:
*Mimi ningezima.*

Sasa niko safu ya tatu,
gauni la dhahabu limebanwa mgongoni kwa pini,
kope za bandia zinawasha,
na Deverell, kijana mpole mwenye kikohozi,
anasema kwenye kipaza sauti:
"Tena, kwa furaha zaidi.
Kumbukeni, mnampenda.
Mnapenda anavyokufa."

Tukapenda.
Mara ya kwanza nilipiga makofi kama anayekung'uta unga.
Mara ya nne viganja viliiva.
Mara ya saba kuna sauti ilipaa hadi kwenye mihimili,
nikageuka kumtafuta mwenyewe.

Jicho halina pazia, ndiyo.
Lakini lina mlipaji.

Siku tuliyomzika kaka yangu Garrick
gari lenye dishi liliegeshwa mbele ya nyumba.
Mama akatoka mlangoni.
Mwanamke wa maikrofoni akamgusa bega,
kwa upole, kwa upole kabisa:
"Jua lilikuwa nyuma yako, mama.
Unaweza kutoka tena?"
Mama hajui kumkatalia mgeni.
Akarudi ndani. Akafunga mlango.
Akatoka tena.
Saa kumi na mbili jioni tulijitazama.
"Angalau nywele zilikaa," alisema.

Filamu ilipotoka, duka la vipodozi la Boardman
lilileta rangi ya mdomo iitwayo Kiu ya Oriel.
Dola kumi na mbili. Nilinunua.
Gazetini mtu aliandika kwamba filamu hii
inatuonya juu ya hatari ya kutazama,
kisha akaipa nyota nne.

Tuliitazama nyumbani, mapazia yamefungwa.
"Huyo wewe! Simamisha!" binamu yangu Maribeth akapiga kelele,
na kweli, nilikuwa pale, nusu sekunde,
mdomo wazi kama mtaro, mwenye raha.

Mama alichukua rimoti.
Akarudisha nyuma, akanipita,
akasimama kwa yule mtoto na ulimi wake kiooni.

"Walimrudisha mara ngapi?"
"Saba."

Akaitazama ile picha iliyoganda,
kidole gumba juu ya kitufe.

"Mimi mbili," akasema.