Zawadi ya Ofisi Mpya

Rukiya, nimeuzunguka mtaa wa Biashara toka saa tatu
nikitafuta cha kumpa mtu aliyeapishwa juzi.

Bhupendra wa vifaa vya ofisi
akanitolea kalamu ya ncha ya dhahabu.
"Mawakili wote huipenda hii."
Nikakumbuka unavyopoteza kalamu.
Akaleta mkoba wa ngozi, fremu ya cheti,
shajara ya tarehe za kesi,
mizani ndogo ya shaba ya kuweka mezani:
nikagusa sahani moja, ikainama
na haikuinuka tena.
Tukacheka. Nikamrudishia.

Hata muhuri wa viapo niliuulizia.
Huo, akasema, hauuzwi kwa dada mtu.

Ndipo miguu ikakumbuka kabla ya kichwa:
ukumbi wa wakili yule wa Makadara,
mwaka wa kesi ya kiwanja,
mama wima tangu asubuhi,
baibui limeloa mgongoni,
faili kalikumbatia kama mtoto mwenye homa,
na karani, bila kuinua macho:
"Kesho. Bwana hayuko."
Wewe na miaka yako minane
umekalia kandambili zangu.

Basi nimepita Majengo kwa fundi Kalume.
Benchi la mvule, la watu wanne, lenye egemeo.
"Tuchonge jina?"
Nikamwambia asichonge kitu,
apige msasa mpaka mkono uteleze,
mabaibui ya watu yasinase.

Likifika Alhamisi, usiliingize chumbani kwako.
Liweke pale mlangoni.
Nimelipa nusu.
Nusu iliyobaki, wakili,
iko juu yako.