Foleni Ndani ya Kopo

Nilinunua gunia la udongo kwenye barabara ya Kumi.
Muuzaji alilipiga kofi kama mgongo wa ng'ombe mnadani:
"Asilia tupu, afande. Hauna dawa hata chembe.
Panda tu, ulale."
Nikapanda. Sikulala, nilikuwa na zamu,
lakini niliamini.

Makopo saba ya rangi, kila moja tundu moja la msumari wa moto,
nikayapanga kwenye ukuta wa kambi:
nakati, bilinganya, pilipili mbili,
na mlimau, mbegu ya kiwanja cha mama kule Arua,
niliyoibeba mfukoni mwa sare hadi Mbale.

Wiki ya tatu mvua ikashuka kutoka Wanale.
Udongo ukanywa, ukanywa, haukutema.
Maji yakasimama juu yakinitazama
kama madereva pale mnara wa saa, taa zikizima.
Miaka kumi na moja napitisha malori ya Tororo,
leo nimeshindwa kupitisha kikombe cha maji.

Majani ya mlimau yakageuka njano, mishipa tu ikabaki kijani.
Nikasema: una kiu.
Nikauongezea.

Nambozo, mke wa koplo wa chumba cha nne, hakuomba ruhusa.
Alizamisha kidole hadi kiungo cha pili,
akakinusa, akanipa nami ninuse.
Harufu ya soksi za zamu mbili.
"Umepanda kwenye uji. Mizizi nayo hupumua, afande,
hukujua?"
Sikujua.

Akaung'oa. Nilifumba macho.
Mizizi ya kahawia, laini, inateleza kama tambi,
ila mmoja, mweupe, mfupi kama kucha,
ulikuwa umegeukia juu, ukitafuta mlango.

Jumamosi tukaenda kinuni. Makapi ya mpunga ni bure
ukija na gunia lako na kifua cha kuvumilia vumbi.
Mchanga wa Manafwa, si ule laini wa plasta,
ule wenye punje kama chumvi ya mawe; tukauosha mara tatu.
Chenga za mkaa Nambozo aliziloweka siku nne
katika maji ya samadi ya mbuzi:
"Mkaa mtupu una njaa kuliko mmea.
Ulishe kwanza, ama utakula sahani ya mtoto."
Maganda ya kahawa nilitaka ndoo nzima. Akakataa.
Mabichi huunguza; yaoze
hadi yasahau kwamba yalikuwa kahawa.
Jivu, kiganja kimoja. Maganda ya mayai tuliyatwanga,
watoto wa kambi wakadhani tunapika keki.

Vipimo? Alicheka. "Sufuria mbili za udongo wako,
moja ya makapi na mchanga, mboji kidogo,
halafu uulize mkono."
Finya donge, fungua vidole.
Likikaa donge hata ukiligusa, ongeza makapi.
Likimwagika kabla hujafungua, ongeza mboji.
Likisimama, kisha livunjike kwa kidole kimoja,
acha hapo hapo, usiwe mjuaji.

Nilifinya mara tisa.

Usiku ule mvua ilirudi.
Nilisimama mlangoni na koti la zamu, nikisikiliza.
Kimya. Kisha chini ya kopo la kwanza, tone.
Kisha la nne. Kisha yote saba, kila moja kwa saa yake,
maji rangi ya chai kavu yakitoka yakienda zake.
Asubuhi Wanale ilikuwa na mistari yake myeupe kwenye mwamba.
Mlima wote ule, na haujawahi kujaribu
kuishika mvua.

Mlimau una majani manne. Mawili bado ya njano.
Sitasema umepona.
Koplo kahamishiwa Moroto, Nambozo kaenda naye,
kaniachia nusu ndoo ya mkaa ulioshiba
na kucha zangu nyeusi ambazo mkuu wa kituo haziulizi tena.

Leo mnarani taa zimezima.
Nimeinua mkono, nimefinya, nimefungua vidole.
Lori la kwanza likapita.