Ombi la Nafasi Nne

Kwa Katibu Tawala wa Mkoa,
kwa mkono wa dereva wa lori la makaa
maana posta huja Alhamisi, ikija.

Mimi Sarantuya, afisa mawasiliano wa umma,
niko peke yangu katika nyika
ambayo ngamia huivuka kwa siku tisa
na naibu waziri kwa dakika arobaini.

Alishuka Mei. Helikopta ikatawanya mbuzi.
Alitaja maji, akataja barabara,
akataja wadau mara kumi na saba
(nilihesabu, ndiyo kazi yangu).
Mzee Dashzeveg akaninong'oneza:
"Huyu Wadau ni mtoto wa nani?"

Nilicheka. Kisha nikaacha.
Mahema sitini na mawili yamehamishwa kwa ajili ya huyo Wadau
na hakuna aliyewahi kumpa chai.

Nisieleweke vibaya. Mgeni wetu hakudanganya.
Mhandisi wa mgodi hakudanganya: alitandaza ramani,
kisima kikiwa nukta ya buluu, ndogo kuliko ukucha wa kitoto.
Dashzeveg naye hakudanganya aliposema
kamba ya ndoo ameiunga mara tatu
tangu malori yaanze kupita.
Kweli tatu katika ukumbi mmoja,
wala hazikusalimiana.

Sihitaji mpiga picha wa kukata utepe.
Nahitaji mtu wa kugeuza mita za ujazo kuwa ndoo,
na ndoo kuwa aya moja fupi
ambayo mkubwa ataimaliza chai yake haijapoa.
Mtu ajuaye kuwa wanawake wakinyamaza hapa
hawajakubali; wanangoja wageni washibe.
Mtu wa kuiambia kampuni "bado",
na kuuambia uvumi "sivyo",
kisha arudi. Hasa arudi,
na jibu mkononi, hata likiwa chungu.

Mjumbe hauawi, walisema wahenga.
Hawakusema kwamba hachoki.

Desemba, onyo la theluji lilitoka siku sita kabla.
Lilikuwa sahihi, lenye mhuri,
likabandikwa kwenye mlango wa ofisi
iliyofungwa kwa sikukuu.
Mimi nilikuwa kaskazini, pikipiki imekatika mnyororo.
Tsermaa alipoteza kondoo mia na arobaini.
Alikuja na daftari lake, hakunitukana.
Aliuliza tu:
"Wewe, dada, huwa unafanya kazi gani?"

Kwa hiyo naomba nafasi nne.
Mmoja aongee Kikazaki, kwa ajili ya familia za milimani.
Mmoja awe amewahi kuhamishwa.
Wawili wengine, chagueni ninyi,
ila wasiogope kusema "sijui, nitauliza".
Pikipiki mbili. Mafuta. Minyororo ya akiba.

Kama bajeti haitoshi, niandikieni haitoshi,
kwa maneno hayohayo, mafupi,
nipate cha kuwapelekea.

Nakala: Mzee Dashzeveg.
Nitamsomea mwenyewe.