Kitanzi cha Heaika

Roketi yetu haikukusudia kutoroka.
Niliandike hilo mwanzo, wasije watu wakatucheka:
kilomita mia mbili na hamsini kwenda juu,
dakika sita za kuelea,
kisha chini, kwenye theluji ya watu wengine.
Mpanda ngazi hushuka.
Sisi tumeajiriwa kupima anavyoshuka.

Asubuhi ile ilikuwa digrii thelathini na moja chini ya sifuri.
Wino uligoma kalamuni.
Wachungaji walipigiwa simu wajisitiri vibandani,
na Heaika Sarri akajibu, kama kila mwaka,
kwamba kulungu wake hawana simu.

Tukahesabu kinyumenyume.
Mwanga ulifika kwanza, ukaturamba nyuso;
sauti ikaja nyuma yake, kwa miguu,
ikagonga vioo, ikagonga meno.
Uzito wake mwingi ulikuwa mafuta,
na mafuta mengi yalikuwa ya kubebea mafuta:
mpagazi aliyejitwika chakula cha safari
akakila chote kabla ya kona ya kwanza.

Helikopta ilipotushusha kule kaskazini
Heaika alikwishafika.
Amekalia sanduku letu la majaribio,
anakata jibini vipande, anavitia kwenye kahawa.
"Imerudi tena," akasema. "Mnakosa nini? Mafuta?"

Mwendo, nikamwambia. Si urefu wa safari.
Kuachana na dunia kunadai kilomita kumi na moja
na mita mia mbili, kila sekunde.
Kutoka kituoni hadi Kiruna mjini: sekunde nne.
Kokoto au meli, bei ni moja,
mwembamba hapunguziwi.
Yetu ilikuwa na mbili na kidogo.

Akapuliza kahawa.
"Na kikishapata kasi hiyo, ardhi inakiachilia?"

Hapa ndipo ninapopenda kusema uongo.
Wageni wa kituoni huwaambia ndiyo,
kuna mpaka, kuna lango, ukivuka u huru,
nao hufurahi, hununua kofia.
Lakini huyu husoma uongo kwa nyayo zake.

Hapana, nikasema. Haiachilii.
Umbali ukiwa mara mbili, tangu kiini cha dunia,
mvuto hubaki robo;
ukiwa mara kumi, fungu moja la mia;
unakonda, unakonda, haufi.
Kinachoondoka huvutwa siku zote za kuondoka kwake,
nacho hupunguza mwendo, hupunguza,
ila mkono wa dunia huchoka mapema
kuliko miguu yake.
Hakuna saa ya kusema: sasa.

Alinyamaza muda wa kikombe.
Kisha akavua kamba ya rangi ya chungwa
aliyoivaa mshazari kifuani,
akaizungusha, akairusha juu ya theluji tupu.
Kitanzi kikafunguka hewani, kikalala.

"Kuna ndama jike," akasema, "sikio lake halina alama yangu.
Septemba ile alinivuta hadi fundo la mwisho.
Kamba haikukatika. Iliisha.
Yenu inaishia wapi?"

Haiishi.

"Maskini," akasema,
na sikuuliza anamhurumia nani,
anayekimbia au anayevuta.

Akaikusanya kamba, pingili kwa pingili,
barafu ikidondoka kama chumvi.
Mimi nilitafuna jibini; lililia menoni.
Rubani akaonyesha saa yake.
Tukalifunga sanduku mikanda, likapaa mara ya pili siku ile,
polepole, likining'inia,
na yeye akabaki nukta, kisha akabaki theluji.

Usiku nilijaza ripoti.
Kimo: kama kilivyotarajiwa.
Mtikisiko: wa wastani.
Kwenye kifuniko, doa moja la duara, rangi ya kahawia.
Chanzo: kikombe.
Lisisafishwe.